Ligi Ifuate Ujirani, Isifuate Jiwe la Mpaka

KONA YA MPAKANI
Na Wandera Okumu

Kutoka Malaba ya Kenya hadi Malaba ya Uganda ni kuvuka daraja moja kwa miguu. Katika ratiba za ligi, hata hivyo, miji hiyo miwili haijuani. Klabu ya upande wa Kenya ikipanda hadi Ligi ya Supa ya Taifa, itapangiwa mechi Mombasa, karibu kilomita 900 kutoka nyumbani. Klabu ya Tororo ikipanda hadi Ligi Kubwa ya FUFA, shirikisho la Uganda, ijiandae kwa safari ya Arua, pembe nyingine kabisa ya Uganda. Mechi ambayo watu wa huku wangefunga maduka kwenda kuitazama, Malaba kwa Malaba au Busia kwa Busia, haimo katika ratiba ya ligi yoyote.

Msimamo wangu ni huu: ligi za ngazi ya chini katika ukanda wetu zipangwe kwa ujirani, na ujirani huo uruhusiwe kuvuka mpaka.

Kila anayepanga ligi hupima mambo mawili, umbali na upinzani. Umbali hula fedha za klabu, upinzani huzileta. Klabu ndogo ya Rubongi au Nambale haina haki za televisheni za kuuza. Ina kiingilio cha getini, mchango wa wafanyabiashara wachache, na mfuko wa mwenyekiti. Basi likikodishwa kwenda mbali, mafuta, chakula na malazi humaliza kila kitu kabla mpira haujawekwa katikati. Huko ugenini wanasubiriwa na watu wasiowafahamu, na nyumbani wakija wageni wasiojulikana, getini hapaingii watu. Ndiyo maana klabu nyingi za ngazi hiyo huonekana misimu miwili mitatu, kisha hazisikiki tena.

Waingereza waliliona tatizo hili karne moja iliyopita. Kuanzia 1921 waligawa Daraja la Tatu kuwa la Kaskazini na la Kusini, ili klabu maskini zisifilisike kwa nauli za treni, na mgawanyo huo ukadumu hadi 1958. Uganda nayo iliwahi kuigawa ligi yake ya pili makundi mawili na kuyapa majina ya milima yetu, Elgon na Rwenzori, kabla ya kuyaunganisha baadaye kuwa jedwali moja. Kenya kwa miaka mingi imekuwa na Zoni A na Zoni B. Ligi hizi zote zilikubali kwamba jirani acheze na jirani. Lakini kila mara ujirani umekomea kwenye kizuizi cha forodha.

Mfano unaonivutia zaidi unatoka Marekani, katika mpira wao wa kubeba mkononi. Mwaka 2002 ligi yao kuu, NFL, ilipofikisha timu 32, ilijipanga upya katika makundi manane ya timu nne nne. Dallas Cowboys wa Texas walibakizwa katika kundi la Mashariki pamoja na New York, Philadelphia na Washington. Kutoka Dallas hadi Philadelphia ni zaidi ya kilomita 2,000. Houston, timu ya jimbo hilo hilo la Texas, iliwekwa kundi tofauti. Sababu ni kwamba uhasama wa Dallas na miji ile ya mashariki ulikuwa umekomaa tangu miaka ya 1960, na hakuna aliyethubutu kuuvunja kwa ajili ya ramani. Wale wana ndege na mabilioni ya televisheni, kwa hiyo waliweza kuchagua upinzani na kulipia umbali.

Sisi wa mpakani hatuhitaji hata kuchagua. Mpinzani wetu wa kweli ndiye aliye karibu zaidi. Busia ina mpinzani wake hatua chache upande wa pili wa barabara. Malaba ina mwenzake ng'ambo ya mto. Wasamia wa Funyula na Wasamia wa Lumino ni watu wa ukoo mmoja. Wateso wa Amagoro wana shangazi na wajomba Osukuru. Wapadhola wa Rubongi, Mulanda na Nagongera ni ndugu wa Wajaluo wa Kenya kwa asili na kwa lugha. Umbali mfupi na upinzani mkali, ambavyo Dallas ililazimika kuvitenganisha, huku vimekaa pamoja, na sisi tumeviacha vipotee.

Mpaka wenyewe una historia inayotupa ujasiri wa kusema hivi. Hadi 1902 eneo lote hili la mpakani lilikuwa ndani ya Uganda. Mwaka huo Waingereza waliimega Jimbo la Mashariki la Uganda na kulitia katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Mwaka 1926 amri kutoka London ikaandika mstari huo kwa sheria, na mwaka huo huo timu za Kenya na Uganda zikakutana Nairobi kuwania Kombe la Gossage, lililotolewa na kampuni ya sabuni. Kombe hilo baadaye liliwapokea Tanganyika na Zanzibar, na ndilo lililokua hadi kuwa mashindano ya CECAFA ya leo. Ushindani wa mpira kati ya nchi hizi mbili una umri sawa na sheria ya mpaka wao. Ajabu ni kwamba timu za taifa zimekutana kwa karne nzima, ilhali klabu za mpakani kwenyewe hazina ligi inayozikutanisha.

Tazama pia upinzani wetu unachezewa wapi. Debi kubwa kuliko zote Kenya ni ya Mashemeji, AFC Leopards iliyoanzishwa 1964 na Gor Mahia iliyoanzishwa 1968. Mizizi ya klabu hizo ni Waluhya na Wajaluo, majirani wa magharibi wanaooana na kutaniana. Lakini nyumbani kwa klabu zote mbili ni Nairobi, zaidi ya kilomita 400 kutoka Busia. Uganda ni hivyo hivyo: SC Villa, Express na KCCA zote ni za Kampala, na kijana wa Tororo hujifunza kushabikia mahasimu wa mji ulio kilomita 200 kutoka kwao. Tunapeleka wachezaji mijini, tunapeleka na ushabiki wetu, halafu tunashangaa kwa nini uwanja wa King George pale Tororo haujai.

Najua wapo watakaosema ligi ya majirani wa makabila haya itazaa vita. Hoja hiyo naiheshimu, maana mechi za Mashemeji zimewahi kuharibika kwa fujo, na kwetu Tororo siasa za ukabila ni jeraha bichi. Kwa miaka mingi Wapadhola na Wateso wamevutana kuhusu kugawanywa kwa wilaya, na hasa mji wa Tororo utaangukia upande gani. Lakini tazameni FUFA Drum, mashindano ya mikoa ya asili yaliyoanza 2018. Humo mkoa wetu wa Bukedi huingia uwanjani kama timu moja: Mpadhola, Mteso, Msamia, Mnyole na Mgwere ndani ya jezi moja. Ushabiki wa asili, ukiwekewa kanuni, mwamuzi na dakika 90, umewaunganisha watu ambao siasa imeshindwa kuwaketisha. Fujo hutoka kwenye milango isiyo na walinzi, tiketi zinazouzwa kupita kiasi na waamuzi wasiolipwa, na dawa yake ni usimamizi. Kuwatenga majirani wasikutane hakujawahi kuwafanya wapendane.

Watakuwapo pia watakaosema sheria za FIFA haziruhusu. Zinaruhusu, kwa masharti. Klabu inaweza kushiriki mashindano ya nchi jirani iwapo mashirikisho yote mawili, shirikisho la bara na FIFA yenyewe watakubali. Derry City ni ushahidi. Mji wake uko Ireland ya Kaskazini, ukingoni mwa mpaka kama Busia. Klabu hiyo ilijitoa katika ligi ya kwao 1972 kwa sababu ya usalama, ikakaa nje ya mpira wa ngazi ya juu kwa miaka mingi, na 1985 ikaruhusiwa kujiunga na ligi ya Jamhuri ya Ireland. Mwaka 1989 ilitwaa mataji yote matatu ya ndani ya nchi hiyo. Ikiwa mpaka uliokuwa na wanajeshi na mabomu uliweza kuvukwa na timu ya mpira kila wikendi, wetu wa malori ya mahindi na simenti unashindwaje?

Hata hivyo, sitaki tuige kila kitu. Ubelgiji na Uholanzi ziliunganisha ligi zao za juu za wanawake 2012, na kufikia 2015 kila moja ilikuwa imerudi kwake. Kuunganisha vilele vya ligi mbili ni kazi ya fedha nyingi na mashirikisho yanayoona wivu. Ninachokiomba ni kidogo zaidi, na kinaanzia chini. Kila klabu ibaki mwanachama wa nchi yake, na kupanda au kushuka daraja kuamuliwe na ligi ya nchi yake. Juu ya hapo liwepo kundi la mpakani la klabu nane, nne za kila upande, zikikutana nyumbani na ugenini. Kila klabu itapata mechi 14 za ushindani, saba kati yake mbele ya watu wake, na hakuna safari itakayoilazimu timu kulala nje. Mechi zipangwe pale ligi za nchi zinapopumzika. Bingwa apewe kombe na zawadi ya fedha, na mapato ya getini yabaki kwa mwenyeji.

Suala la usajili lina jibu pia. Mpakani petu kuna vijana wenye ndugu, na pengine vitambulisho, pande zote mbili, na kishawishi cha kuchezea klabu mbili kwa majina mawili kipo. Lakini mashirikisho yote mawili yamo katika mfumo wa FIFA Connect, ambao humpa kila mchezaji namba moja ya kudumu. Namba moja, klabu moja, msimu mmoja. Kundi la mpakani litawabana wadanganyifu kuliko ilivyo sasa, kwa sababu makarani wa pande zote mbili watakuwa wakisoma orodha moja.

Mfano wa utendaji tunao mlangoni. Februari 2018 Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walizindua kituo cha pamoja cha mpakani Busia. Tangu hapo dereva wa lori hukaguliwa na maafisa wa nchi zote mbili mahali pamoja, kisha huendelea na safari. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uliotiwa saini Arusha 1999 unazitaka nchi wanachama, katika ibara ya 119, kushirikiana kwa karibu katika utamaduni na michezo. Bidhaa zimeshafunguliwa njia. Michezo imeachwa kwenye karatasi.

Wakati wa kuifungulia ni huu. Septemba 2023 Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa kwa pamoja uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, kwa zabuni iliyoitwa Pamoja. Agosti 2025 nchi hizo tatu ziliandaa CHAN na viwanja vikubwa vikajaa. Marais wa mashirikisho yetu, Hussein Mohammed wa FKF ya Kenya na Moses Magogo wa FUFA ya Uganda, wamekaa meza moja kupanga mashindano ya bara zima. Wanaweza kukaa tena, safari hii Busia, wakiwa na Gavana wa Kaunti ya Busia na viongozi wa wilaya za Busia na Tororo, wakatia saini makubaliano ya kurasa chache: klabu nane, orodha moja ya wachezaji, jopo moja la waamuzi, na pasi ya pamoja ya kikosi kuvuka mpaka siku ya mechi.

Kaunti ya Busia na Manispaa ya Tororo zitenge fungu katika bajeti. Viwanda vya simenti na mawakala wa forodha wanaotajirika kwa barabara hii watoe udhamini. Na sisi mashabiki tulipe kiingilio, tusiruke ukuta. Mechi za fainali za 2027 zitachezwa katika miji mikubwa, na wengi wetu tutaziona kwenye televisheni. Haki yetu sisi wa mpakani ni kuwa na ligi yetu kabla ya firimbi ya kwanza ya mashindano hayo, na kwa ombi hilo FKF na FUFA wanadaiwa jibu kwa maandishi.