Nani Kasema Mtu wa Buyenzi Halimi?



Baada ya kumshukuru Allah (S.W.) na kumtakia rehma na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), tunapenda kusema na wazazi wenzetu wa Buyenzi, na wa mitaa mingine ya Bujumbura inayofanana nayo, kuhusu jambo ambalo wengi wanaliona dogo. Nalo ni bustani ya mboga nyumbani, isiyotiwa mbolea ya kiwandani wala dawa ya wadudu ya dukani.

Kila tunapolitaja tunajibiwa maneno yale yale: "Mwalimu, sisi ni watu wa mjini, hatulimi." Na anayesema hivyo husema kwa fahari. Kulima, kwa mawazo yake, ni kazi ya watu wa milimani. Mtu wa Buyenzi ni biashara, udereva, ushonaji na ufundi wa magari. Sisi tunasema wazi kwamba hiyo si hoja. Ni kiburi, na wanaokilipia ni watoto.

Tazameni sahani zetu. Wali au ugali, maharage, na siku ya heri ndagala. Mboga ya majani inakuja ikiwa pesa imebaki. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2016-2017 ulikuta kwamba watoto 56 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini Burundi wamedumaa. Mijini hali ilikuwa afadhali kuliko milimani, lakini afadhali hiyo isitulaze usingizi. Tunajua kudumaa kuna sababu nyingi, maradhi na maji machafu yakiwemo, na hatudai kwamba lengalenga peke yake litaondoa yote. Lakini lengalenga lina vitamini A, lina madini ya chuma, na huanza kuvunwa wiki tatu hadi nne tangu kupandwa. Mzazi anayekataa kuliotesha mlangoni kwake kwa sababu yeye ni "mtu wa mjini" atuambie ni heshima gani anayomlindia mwanawe.

Na kama ni heshima, nani atawashinda Maswahaba? Ansari wa Madina walikuwa watu wa mitende. Bustani ya Abu Talha (R.A.), iliyoitwa Bayruha, ilikuwa inatazamana na Msikiti wa Mtume (S.A.W.), naye Mtume alikuwa akiingia humo na kunywa maji yake. Huo ulikuwa mji, tena mji bora. Nabii Daud (A.S.) alikuwa mfalme, na Bukhari amepokea kwamba alikula kwa kazi ya mikono yake mwenyewe. Sasa sisi tusio na ufalme wowote tunaona haya kushika udongo!

"HATUNA NAFASI"

Huu ndio udhuru wa pili. Ni kweli parseli zetu zimebanana, na ua mmoja una familia tatu au nne. Lakini hatusemi mlime shamba. Tunasema gunia moja.

Chukueni gunia la mchele la kilo 50. Changanyeni udongo sehemu mbili na samadi iliyooza vizuri sehemu moja. Katikati ya gunia simamisheni kopo kubwa lisilo na mfuniko wala kitako, mlijaze mawe madogo, kisha mjaze udongo pembeni yake. Kopo likifunikwa, livuteni juu, mjaze tena mawe na udongo, hadi gunia lijae. Mawe yale yanabaki katikati kama nguzo, na ndiyo yanayofikisha maji mpaka chini. Toboeni matundu ubavuni, shubiri moja kati ya tundu na tundu, mpandikize miche humo. Juu ya gunia mwageni mbegu za lengalenga zilizochanganywa na mchanga mkavu, maana ni ndogo mno, mzifunike kwa udongo mwembamba tu. Liwekeni mahali panapopata jua angalau saa sita kwa siku. Nafasi linayochukua haizidi ya kiti.

Jambo moja tunawaonya sana. Buyenzi ni mtaa wa magereji. Udongo uliokunywa mafuta machafu ya magari, au ulipovunjiwa betri za zamani, msipande chakula ndani yake. Betri zina risasi, na risasi hudhuru ubongo wa mtoto kuliko wa mtu mzima. Wala msipande katika makopo ya rangi au ya mafuta ya injini. Mtu akiacha dawa ya dukani lakini akapanda katika udongo wa gereji, amejidanganya. Leteni udongo safi kutoka mahali mnapopajua. Ndiyo maana tunasisitiza gunia.

"BILA DAWA HAIOTI"

Wapo wanaokubali kulima, lakini la kwanza wanalokimbilia ni duka la dawa. Tunawauliza: mmewahi kuona nyanya sokoni zenye vumbi jeupe? Mara nyingi hiyo ni dawa ya ukungu, na mojawapo inayotumika sana huitwa mankozebu. Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2020 kutoendelea kuiruhusu, baada ya wataalamu wake kuona kwamba inavuruga homoni na inadhuru uzazi. Tena kila dawa ina siku za kusubiri baada ya kupuliza kabla ya kuvuna. Anayepuliza leo na kuuza kesho anamficha mnunuzi aibu ya bidhaa yake, na Mtume (S.A.W.) alimkana mfanyabiashara aliyeificha nafaka iliyolowa chini ya kavu. Sokoni hatuwezi kumchunguza kila muuzaji. Kwenye gunia letu sisi ndio wapulizaji, basi kwa nini tuipeleke sumu wenyewe hadi mlangoni?

Vidukari wakija, osheni majani kwa maji yenye kijiko kidogo cha sabuni kwa lita moja. Jani lililoharibika sana ling'oeni. Na mboga ioshwe kabla ya kupikwa, hata kama haikutiwa dawa.

MBOLEA NA MAJI

Wengine husema samadi ni najisi. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, kinyesi cha mnyama ni najisi kweli, lakini kukitia kwenye udongo wa mimea kunaruhusiwa, na mmea unaoota hapo ni tohara. Palipoguswa na najisi huoshwa. Kwa afya pia, samadi mbichi isitumike. Ikae ioze miezi mitatu au zaidi.

Kila Idi ya kuchinja tunatupa mtaroni majani yaliyo tumboni mwa mbuzi na ng'ombe. Hiyo ni mbolea! Yachanganyeni na maganda ya ndizi, majani makavu na jivu kidogo, mgeuze kila wiki.

Na maji? Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa kiasi cha mudi moja, yaani viganja viwili vilivyojaa. Sisi tunafungua bomba mpaka mtaro unafurika. Wekeni beseni chini ya bomba la udhu. Maji hayo ni tohara, hata kama hayafai kutawadhia tena, na mboga inayataka, hasa kiangazi cha Juni hadi Agosti.

Tunalotaka ni hili. Kila nyumba inayotuletea mtoto madrasa iwe na gunia moja kabla ya mvua za Septemba, na mtoto ndiye alimwagilie asubuhi na jioni. Baba asimwachie mama peke yake. Kinacholiwa na ndege au na mtoto wa jirani kutoka katika ulichopanda huandikwa sadaka, kama walivyopokea Bukhari na Muslim. Basi msigombe likichumwa jani. Na atakayesema tena kwamba mtu wa Buyenzi halimi, mwambieni aje aone.

Tunamuomba Allah (S.W.) avitie baraka vyakula vyetu, awape watoto wetu siha, na atuondolee kiburi. Amin.

Wabillahi tawfiq.