Michezo na Moyo wa Kijana

Kipawa ni kata iliyo kando ya barabara kuu itokayo mjini Dar es Salaam kwenda Pugu, karibu kabisa na uwanja mkubwa wa ndege uitwao kwa jina la Julius Nyerere. Jina la mahali hapa ni zuri, maana kipawa ni kitu apewacho mtu na Muumba wake, kama vile sauti tamu, au akili ya hesabu, au wepesi wa miguu. Lakini mtu apitaye Kipawa saa kumi za alasiri huona watoto wengi wenye nguvu za kuruka na kukimbia wamekaa vibarazani, au wamo ndani wameinamia madaftari ya masomo ya ziada, au wameinamia simu ya mkubwa wao. Ndege hupita juu ya mapaa kwa kishindo kikubwa, wala hawainui macho, kwa kuwa wamezoea.

Wako watu waisifuo hali hii. Husema, "Mtoto yule ni mtulivu, hachezi ovyo." Pengine ni kweli ya kuwa mtoto ametulia. Pengine hakutulia hata kidogo, ila amezimika, na mambo haya mawili yakitazamwa kwa mbali hufanana sana.

Umri wa miaka 11 mpaka 17 ni umri wenye dhoruba. Mwili hubadilika upesi, sauti ya mvulana hukatika, msichana huona mambo mapya, na hasira au machozi huja pasipo mtu kujua yametoka wapi. Wazaramo, wenyeji wa pwani hii, walilijua jambo hilo tangu zamani, ndiyo maana waliweka mafundisho ya jando na ya mwali kwa watoto waliofikia umri huo, na katika mambo hayo ngoma haikukosekana. Siku hizi waganga nao wamelipima kwa njia yao. Shirika la Afya Duniani lasema ya kuwa theluthi moja ya maradhi ya nafsi huanza kabla mtu hajatimiza miaka 14, na nusu yake kabla ya miaka 18. Basi huu ndio wakati wa kuutunza moyo wa kijana, na si wakati wa kumfungia chumbani.

Mwili na moyo haviishi nyumba mbili. Mtu akiingiwa na hofu, damu humwenda mbio, pumzi hukatika, misuli hukaza, kana kwamba simba amesimama mlangoni. Lakini kwa mwanafunzi wa Kipawa simba hayupo. Uko mtihani wa kesho, au ugomvi wa wazazi usiku, au neno baya alilotupiwa na wenzake njiani. Mwili umejitayarisha kukimbia, wala haukimbii. Hukaa juu ya kiti na kutetemeka kwa ndani. Kijana azoeaye kucheza kila siku, moyo wake hujifunza kupiga kwa nguvu na kisha kurudi katika utulivu, na mazoea hayo humfaa hata siku ile ya mtihani. Tena akicheza, ubongo hutoa dawa zake wenyewe zipunguzazo maumivu na kuleta furaha, dawa zisizouzwa dukani. Na usiku hulala usingizi mzito. Mtu asiyelala vema hukasirika kwa jambo dogo, na kila mzazi ameliona hilo kwa watoto wake, ingawa si kila mzazi ameliona kwake mwenyewe.

Wala michezo si lazima iwe ya viwanja vikubwa na viatu vya bei. Mchezo wa rede, uchezwao na wasichana wa Dar es Salaam, hauhitaji ila mpira mdogo wa matambara, chupa tupu na mchanga. Wawili husimama pande mbili na kutupiana mpira wapate kumlenga aliye katikati. Yeye hukwepa, huinama, huruka, na huku akichota mchanga kuijaza chupa. Katika mchezo huo mmoja mna kukimbia, na kupima kwa jicho, na kuvumilia kulengwa, na kucheka mbele za watu baada ya kupigwa. Hili la mwisho si dogo. Msichana aliyepigwa mpira mgongoni, akacheka, akatoka, akangoja zamu yake, amejifunza jambo ambalo mwalimu hawezi kuliandika ubaoni. Hali kadhalika wavulana katika chandimu, wachezapo kwa mpira wa makaratasi na kamba, hugombana kwa bao moja kisha hupatana bila hakimu, kwa sababu wasipopatana mchezo hauendelei.

Shirika hilo hilo la Afya lashauri ya kuwa watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 17 waushughulishe mwili kwa nguvu kiasi cha dakika 60 kila siku. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2019, uliokusanya habari za wanafunzi wa nchi 146, ulionyesha ya kuwa mwaka 2016 vijana 81 katika kila 100 wa umri wa miaka 11 mpaka 17 hawakufikia kiasi hicho. Kwa wavulana walikuwa 78, na kwa wasichana 85. Basi upungufu huu si wa Kipawa peke yake. Lakini Kipawa ina shida yake. Kabla ya jengo la tatu la abiria kufunguliwa mwaka 2019, nyumba nyingi zilibomolewa ili kuupanua uwanja wa ndege, na watu wakahamia mbali zaidi, upande wa Pugu. Pamoja na nyumba zilikwenda pia nafasi za wazi walipokuwa wakicheza watoto, na marafiki waliocheza pamoja wakatengana. Nyumba zililipiwa fidia. Nafasi ya kucheza haikuandikwa katika hesabu ya mtu yeyote. Nabii Zekaria, katika mlango wa 8, alipotaka kuonyesha mji uliorudishiwa amani, alitaja wazee waliokaa kwa starehe na njia zilizojaa wavulana na wasichana wakicheza. Hakutaja kuta za mji wala sokoni pake.

Zamani kidogo katika shule za msingi za Tanzania palikuwa na somo lililoitwa Haiba na Michezo. Waliochagua jina hilo waliona mbali, maana waliweka tabia ya mtu na michezo yake katika daftari moja. Lakini somo hilo halikuwamo katika mtihani wa mwisho, na kisichotahiniwa huibiwa. Ulipofika muhula wa mwisho, kipindi chake kilichukuliwa na Hisabati, au na Kiingereza, na watoto walibaki wamekaa juu ya madawati tangu asubuhi mpaka jioni. Jina la somo limekwisha kubadilika, walakini desturi ya kuiba kipindi cha michezo haijakoma. Mwalimu afanyaye hivyo hudhani ya kuwa ameongeza saa moja ya elimu. Kwa kweli ameongeza saa moja ya kukaa. Mtoto aliyechoka kukaa husoma mstari mmoja mara nne.

Liko kosa jingine baya zaidi. Mwanafunzi akichelewa, au akipiga kelele, huambiwa aruke kichura kuzunguka uwanja, au akimbie mizunguko kumi huku wenzake wakimcheka. Kwa njia hiyo mtoto hufundishwa ya kuwa kuushughulisha mwili ni adhabu. Je, ni ajabu gani akikua na kukataa michezo? Hakuna mwalimu amwambiaye mkosaji, "Kwa kosa lako, imba," kwa sababu kila mtu aona ya kuwa kuimba kungekuwa kuchukiwa. Na iwe hivyo kwa kukimbia.

Wazazi wengine hujibu ya kuwa watoto wao hawakosi kazi ya mwili, maana huchota maji, hufagia, hufua, na kubeba mizigo ya sokoni. Neno hili lina ukweli wake, na kazi ya nyumbani ni wajibu wa heshima. Lakini kazi ya kuamriwa, ifanywayo peke yake kwa haraka na kwa kuogopa kukemewa, huchosha mwili isiuinue moyo. Mchezo huchaguliwa, una wenzi, una kicheko, una matumaini ya kushinda. Msichana aliyebeba ndoo tatu hajacheza rede hata mara moja.

Na wasichana ndio wanyimwao zaidi. Afikapo miaka 12 au 13 huambiwa, "Umekuwa mkubwa, acha kurukaruka," na ndugu yake wa kiume wa umri ule ule huachwa kwenda mpirani mpaka magharibi. Wengine huacha michezo kwa aibu wakati wa siku zao, maana shule haina maji ya kutosha wala chumba cha faragha. Lawama hapa si ya msichana. Hedhi si ugonjwa, na kukimbia hakumdhuru. Wengi huona maumivu yakipungua wakijinyosha na kutembea. Shule iliyojenga choo safi chenye maji na mlango ufungwao imewapa wasichana wake uwanja wa michezo, hata kama hawakufikiri hivyo walipokuwa wakijenga.

Yafaa pia kusema neno juu ya mashindano. Michezo ya shule za msingi iitwayo UMITASHUMTA ni jambo jema, na yaliyo mema yasivunjwe. Lakini shule hupeleka wachache waliochaguliwa, na mamia waliobaki hupiga makofi, kisha husemwa ya kuwa shule ile ina michezo. Wahitajio mchezo zaidi ni wale wasiochaguliwa: mnene, mwenye haya, mgeni, aliyefiwa, mwenye mguu mbovu. Hao wakitukanwa uwanjani kwa kukosa mpira, mchezo huwa sumu badala ya dawa.

Katika mashindano ya Olimpiki ya mwaka 1968, yaliyofanywa Mexico City, Mtanzania John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, alianguka katika mbio ndefu na kuumia vibaya goti. Mamo Wolde wa Ethiopia alikwisha kushinda. Zaidi ya saa moja baadaye Akhwari aliingia uwanjani akichechemea, goti limefungwa kitambaa, watazamaji wachache wamebaki. Katika waliomaliza, 57, yeye alikuwa wa mwisho, na wengine walioanza naye hawakufika kabisa. Watanzania wanalikumbuka jina lake kuliko majina ya wengi waliomtangulia siku ile. Kijana aliyezoea kushindwa mchezoni na kurudi kesho yake ana akiba ya namna hiyo ndani yake, nayo humfaa siku ya matokeo mabaya.

Hata hivyo isidhaniwe ya kuwa mpira huponya kila huzuni. Mtoto akiwa na majonzi majuma mawili au zaidi, asile, asilale, asifurahie alichokipenda, au akisema ya kuwa heri asingekuwapo, asiambiwe tu, "Nenda kacheze." Aketi na mtu mzima amwaminiye, mzazi au mwalimu, na apelekwe zahanati au hospitali, kama vile mwenye homa apelekwavyo. Na mwenzake aliyeyasikia maneno hayo asiyafiche, hata akiapishwa.

Shule yenye ua mdogo, kama zilivyo nyingi karibu na barabara ya Pugu, yaweza kuanza kesho. Saa moja ya asubuhi jua halijawa kali. Kamba mbili ndefu huwatosha watoto 40, wawili wakizungusha na wengine wakiingia kwa zamu. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ua uwe wa wasichana kwanza, Jumanne na Alhamisi uwe wa wavulana kwanza, na kipindi hicho kiandikwe katika ratiba kwa wino, juu ya Hisabati.