Tusiwaruke wa Karibu Tukienda Mbali



Shukrani zote anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba wake. Ama baada ya hayo.

Wanafunzi wangu wapenzi, tangu niliporudi kutoka Umra mmeniuliza maswali mengi. Ndege inapaaje? Maskati kuna joto kiasi gani? Ustadhi, umetuletea nini? Hayo nimeyajibu darasani. Lipo moja ambalo hakuna aliyeniuliza, nalo ndilo nitakalolijibu katika jarida letu: Je, katika safari ile ndefu ulimruka nani?

Safari yangu ilichukua siku 40. Nilitoka Korogwe kwa basi hadi Dar es Salaam, nikafikia kwa rafiki niliyesoma naye diploma. Kutoka hapo nilipanda ndege hadi Maskati kwa dada yangu aliyeolewa huko. Maskati wakati mwingine utadhani uko Tanga. Sokoni Matrah nilisalimiwa kwa Kiswahili, kwani wako Waomani wengi ambao wao au wazazi wao walizaliwa Unguja, Pemba na huku bara. Kisha nikafuatana na msafara wa basi kupitia Imarati hadi Makka, halafu Madina, ambako rafiki mwingine anasoma Chuo Kikuu cha Kiislamu. Kila nilipofika nilipata sahani ya wali na mtu wa kuniuliza habari za nyumbani. Nikajiona kweli mimi ni mtu wa kuunga udugu, hadi ng'ambo!

Lakini siku ile ya kwanza basi letu lilipita Mkata, kwenye njia panda ya Handeni. Kutoka hapo hadi Handeni mjini ni kilomita 54 tu, na huko alikuwako shangazi yangu, mgonjwa. Huyu ndiye aliyekuwa akiuza mahindi yake ili mimi nipate mafuta ya taa ya kusomea usiku. Nilijiambia nina haraka, nitampitia nikirudi. Huo ulikuwa uongo. Ndege ilikuwa bado siku mbili. Ukweli ni kwamba mimi na mwanawe tulikuwa hatusemezani kwa ajili ya kipande cha shamba, nami sikutaka kukaa naye mkeka mmoja.

Nikiwa Madina simu ililia. Shangazi amefariki, na wamekwisha kumzika. Maji ya Zamzam niliyomchukulia yalifika Handeni, yeye hakuwapo wa kuyanywa.

Ndugu zangu, katika somo la tarekhe mnamsoma Ibn Battuta. Aliondoka kwao Tanja, Moroko, mwaka 1325, akiwa na umri wa miaka 21, akakusudia Hijja. Mwaka 1331 alifika pwani yetu, Mombasa na Kilwa, na baadaye akaenda Bara Hindi hadi Uchina. Huko Uchina alikutana na mtu wa Sabta, mji usio mbali na kwao, na miaka kadhaa baadaye akamkuta ndugu wa mtu huyo Sijilmasa, pembeni mwa Sahara. Msafiri yule alikuwa na marafiki kila mji. Lakini mwaka 1348, alipofika Damaski, aliambiwa kuwa baba yake alifariki miaka 15 nyuma. Na kabla hajafika nyumbani mwaka 1349 akapata habari kuwa tauni imemchukua mama yake. Elimu aliyotuachia ni kubwa, na mtu asiseme kuwa safari yake ilikuwa bure. Lakini wale wawili hakuwakuta.

Sasa nitawapa mfano wa pili, ulio hapa hapa wilayani Handeni. Miaka ya 1830 njaa kali iliwakumba Wazigua. Wengi waliteremka pwani kutafuta chakula, na wengine wakahadaiwa kuwa watapewa kazi. Wakauzwa utumwani na kupelekwa Barawa, Somalia. Waliotoroka walifanya makazi kando ya Mto Juba. Wajukuu na vitukuu wao waliendelea kusema Kizigua. Vita vilipozuka Somalia mwaka 1991, baadhi walikimbilia Kenya, na kuanzia mwaka 2003 wengi katika hao wakapelekwa Marekani. Wengine walikuja kwa bahari hadi Tanzania, wakaishi kambi ya Mkuyu na baadaye Chogo, wote ni Handeni. Wazee wa huku waliwasikiliza wakaelewana nao. Udugu uliokatika kwa zaidi ya miaka 150 ukaungwa kwa lugha tu, bila ya zawadi wala picha.

Ikiwa wao waliuhifadhi udugu muda wote huo, mimi nina udhuru gani wa kilomita 54?

Rai yangu ni hii: atakaye kusafiri mbali na aanze na aliye karibu, hasa yule waliyenuniana. Katika Surat Al-Israa, aya ya 26, Allah (S.W.) ametuamrisha kumpa jamaa wa karibu haki yake, na maskini na msafiri. Angalieni, jamaa ametangulia. Na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa muungaji udugu wa kweli si yule anayelipa wema kwa wema, bali ni yule anayeunga pale alipokatwa.

Najua wapo watakaosema, "Ustadhi, nauli ni ghali, na siku hizi iko simu." Simu ni neema, tuitumie. Lakini simu haimgeuzi mgonjwa kitandani, wala haioni kuwa pipa lake halina maji. Na wapo wanaoona haya kwenda mikono mitupu. Ndugu yangu, shangazi hakuwa akingoja kanga ya Maskati. Alikuwa akingoja hodi.

Niliporudi nilishuka Mkata, nikaenda Handeni. Nilimwombea dua kaburini, kisha nikamtafuta yule binamu. Tulikaa mkeka mmoja na tukasameheana. Shamba bado halijagawanywa, lakini tunasemezana. Laiti ningefanya hivyo siku 40 kabla.

Basi likizo hii nawapa kazi. Kila mmoja amzuru jamaa mmoja ambaye nyumbani kwenu hatajwi sana, kwa idhini ya wazazi, asikae zaidi ya siku tatu akawa mzigo, na afue nguo zake mwenyewe. Tukifungua madrasa nitamwuliza kila mtu alikwenda kwa nani. Nami mniulize.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.