Mount Gelai ilipita Kwale

Mwanafunzi wangu mmoja, mzaliwa wa Msambweni, aliwahi kuniambia kwamba reli ni habari ya Mombasa na bara; Kwale haimo. Anayetazama mambo kutoka Diani au Msambweni si ajabu aamini hivyo. Hata hivyo, Samburu, Taru na Mackinnon Road ziko Kwale, na reli ya zamani imepita huko tangu miaka ya 1890.

Nayataja haya kwa sababu ya injini moja iliyohifadhiwa katika Makumbusho ya Reli, Nairobi. Ni nambari 5918, Mount Gelai, mojawapo ya injini 34 zilizoundwa na kampuni ya Beyer Peacock, Manchester, mnamo 1955 na 1956. Zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Gelai uko Tanzania. (Aliyezibatiza hakuona haja ya neno “mlima”.) Uzito wake ni tani 252, nao ni mzigo wa ajabu kwa reli yenye upana wa mita moja tu. Boila yake imebebwa katikati ya seti mbili za magurudumu, ya mbele na ya nyuma, ili injini iweze kujipinda kwenye kona.

Injini hizi zilivuta mizigo kutoka usawa wa bahari hadi Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu, na kila safari ilikata nyika ya Taru. Zilichoma mafuta, si makaa, lakini msaidizi wa dereva hakupumzika: alichunga moto na kina cha maji, kwani maji yakipungua kupita kiasi boila huweza kulipuka. Kufikia 1980 zilikuwa zimeondolewa kazini.

Wapenzi wa injini wameandika habari zake hadi kipenyo cha magurudumu. Lugha ya waliozifanyia kazi haikuandikwa kwa bidii hiyo, na hilo ndilo linaloniudhi. Kiswahili kilifanya kazi kubwa relini. “Gari” tulilichukua kutoka lugha za Kihindi, tukaliambatanisha na “moshi” letu wenyewe. “Karakana” asili yake ni Kiajemi. “Stima”, iliyokuwa meli ya mvuke, leo nchini Kenya ni umeme wa nyumbani. Treni iliyoanza safari kwenye reli mpya mwaka 2017 huendeshwa kwa dizeli, na bado wapo wanaoiita gari la moshi.

Hayo ni maneno yaliyotoka nje ya stesheni yakaingia kamusini. Yako wapi yale yaliyobaki ndani? Aliyekuwa na miaka 20 wakati Mount Gelai ilipowasili sasa amekaribia 90.

Walimu wa Samburu, Taru na Mackinnon Road wasingoje chuo kikuu kilete mradi na fedha. Daftari na kalamu vyatosha. Mpeni kila mwanafunzi mzee mmoja wa kumsikiliza, aliyefanya kazi relini au aliyekaa kando yake. Aulize mchunga moto aliitwaje. Magurudumu yalipoteleza kwenye reli iliyolowa mvua, walisemaje? Filimbi ya usiku iliwaambia nini waliokuwa wamelala? Jibu likija kwa Kiduruma, liandikwe kwa Kiduruma.