Siku ya kilo, nani anampima mama?



Tangu tulipotangaza kwamba juma hili tutazungumza juu ya mgongo, tumesimamishwa njiani mara nyingi: sokoni, kwenye kinu cha unga, hata mbele ya mlango wa masomo. Kila mama anaanza namna ileile: «Mama mwalimu, mimi si mgonjwa, ni mgongo tu, tangu nilipozaa.» Mmoja mtoto wake ana miezi minne. Mwingine mtoto wake ameingia mwaka wa kwanza wa masomo ya msingi, na mgongo ungali unauma.

Neno linalotusumbua ni hilo dogo: «tu».

Sisi wenyewe tulilisema. Baada ya mtoto wetu wa pili tulirudi darasani tukifundisha mkono mmoja umeshika meza. Chaki ikianguka, kuinama kulikuwa kazi na kuinuka kulikuwa kazi zaidi. Wanafunzi waliona kabla ya watu wazima, wakaanza kutuokotea chaki bila kutumwa. Kila mwezi tulienda siku ya kilo. Mtoto aliwekwa kwenye mizani, karatasi yake ikaandikwa, akadungwa chanjo, tukarudi nyumbani. Hakuna aliyetuuliza habari zetu, na sisi hatukufungua kinywa. Tulidhani ndivyo kuzaa kulivyo. Tena tuliogopa kuambiwa mvivu.

Mwezi wa 12 mwaka wa 2023, Shirika la Afya Duniani, lile tunaloita OMS, lilitoa maandishi ya wataalamu katika gazeti la waganga The Lancet Global Health. Walisema kwamba kila mwaka wanawake wasiopungua milioni 40 duniani wanaweza kubaki na shida ya mwili au ya moyo inayotokana na kuzaa, shida inayodumu miezi au hata miaka. Maumivu ya mgongo wa chini ni kati ya zile zinazoonekana sana: karibu wanawake 32 kwa 100. Kwa hiyo tukikaa mama 30 kwenye mkutano wetu, hesabuni wenyewe wangapi wanaweza kuwa wanakaa kwa taabu na kunyamaza.

Sababu yake ni nini? Wakati wa mimba, mwili unalegeza mishipa inayofunga mifupa ya nyonga ili mtoto apate njia. Tumbo linakua na kuvuta mgongo mbele. Misuli ya tumbo inatanuka, na mara nyingine inaachana katikati. Misuli hiyo ndiyo inayosaidia mgongo kubeba. Mtoto akitoka, haifungi siku ileile. Inataka majuma, kwa wengine miezi. Katika muda huo mama amebaki na nguzo iliyolegea, na sisi tunaiongezea mzigo.

Wengi mliozaa kwa kupasuliwa mnasema: «Ni ile sindano ya mgongo.» Mahali palipodungwa panaweza kuuma siku chache, hiyo ni kweli. Lakini wataalamu waliolinganisha wanawake waliodungwa wakati wa kuzaa na wasiodungwa hawakuona kwamba sindano ndiyo inaleta maumivu ya miaka. Na wale waliozaa njia ya kawaida, bila sindano yoyote, wanaumwa vilevile. Tusikatae sindano ambayo siku moja inaweza kuokoa mama na mtoto. Wala tusimtafute jirani mchawi.

Sasa tufanye hesabu, kama darasani. Bidoni moja ya maji ni litri 20, maana yake kilo 20. Mtoto wa miezi sita ana karibu kilo 7. Mama anayetoka kisimani na bidoni kichwani na mtoto katika kikwembe mgongoni amebeba kilo 27. Akirudia safari mara nne, amepandisha kilo 80 za maji. Kisha anainama kufua, anainama kufagia, anasimama kusonga bukari, na usiku anakaa amejikunja akinyonyesha. Kuna wanaoongeza magunia ya makala, na wanaokwenda kuosha mawe ya madini wakiinama saa nyingi ndani ya maji. Hapo tusiulize kwa nini mgongo unauma.

Haya ndiyo yaliyotusaidia, na ndiyo wazalishaji na wataalamu wa viungo wanayofundisha:

Kuamka. Usijivute moja kwa moja. Geukia ubavu kwanza, shusha miguu, jisukume na mkono.

Kunyonyesha. Egemeza mgongo ukutani, weka mto au kikwembe kilichokunjwa chini ya mtoto. Mlete mtoto kwenye ziwa. Usiinamishe mgongo kumfuata.

Kuinua. Piga magoti, leta mzigo karibu na tumbo, inuka kwa nguvu ya miguu. Afadhali bidoni mbili za litri 10 kwa safari mbili kuliko moja ya 20. Na ukibeba mtoto, usibebe maji.

Zoezi. Lala chali, kunja magoti, miguu iwe chini. Toa pumzi polepole huku unavuta kitovu ndani na kubandika kiuno kwenye mkeka. Hesabu mpaka tano, legeza. Anza na mara tano asubuhi na tano jioni. Aliyepasuliwa amwulize munganga kwanza. Na tembea kidogo kila siku, maana kulala tu siku nzima kunakaza mgongo zaidi.

Kitambaa cha maji ya vuguvugu mgongoni kinatuliza. Lakini kukanda tumbo kwa maji ya moto sana na kulisukuma kwa nguvu, tuache. Kunaunguza, na kwa aliyepasuliwa ni hatari. Vidonge visivyo na jina vinavyouzwa kwa kuhesabiwa mkononi sokoni, tuviache pia. Mama anayenyonyesha aulize kabla ya kumeza.

Kuna maumivu yasiyongoja zoezi. Nenda hospitali upesi ukiona homa na baridi pamoja na mgongo, au mkojo unaochoma, au damu nyingi, au maji yenye harufu mbaya kutoka sehemu za chini. Nenda siku hiyohiyo mguu ukipoteza nguvu, au ukifa ganzi kati ya mapaja, au mkojo na haja vikitoka bila wewe kujua au vikikataa kutoka. Mgongo unaouma usiku pamoja na kikohozi cha majuma na kukonda unataka kupimwa kifua kikuu, kwa maana ugonjwa huo unaweza kuingia hata katika mifupa ya mgongo. Na maumivu yanayopita miezi mitatu bila kupungua, hata kama ni madogo, yapeleke kwa munganga.

Tukirudi kwa lile neno «tu»: dawa ya kwanza ni kulitoa. Siku ya kilo ijayo, mtoto akishuka kwenye mizani, mama usikimbilie mlango. Sema: «Na mimi nina neno. Mgongo wangu unauma tangu siku fulani, hapa, na unazidi nikifanya hivi.» Muda wa kusema ni dakika moja. Sisi tulipolisema mwishowe, mzalishaji mmoja mzee alitukalisha, akatushika mgongo, akatuonyesha lile zoezi la mkeka. Baada ya majuma sita tuliokota chaki yetu wenyewe.

Dawa ya pili ni mikono ya wengine. Sheria ya kazi ya nchi yetu ya mwaka wa 2002 inampa mwanamke wa mkataba wiki 14 za kupumzika, 8 kati yake baada ya kuzaa, na akirudi kazini apate nusu saa mara mbili kwa siku ya kunyonyesha. Lakini mama anayeuza mboga, nani anampa wiki 8? Katika nyumba nyingi za zamani nkambo na mama wadogo walishika kazi mpaka mzazi apate nguvu. Leo wengi tunakaa mbali na ndugu, na siku ya tatu mama yuko kisimani.

Tunajua kufanya likelemba ya franka. Tufanye na likelemba ya maji. Mama mmoja wa kundi akizaa, wengine tushike zamu kwa majuma sita: kila siku nyumba moja imletee bidoni mbili. Mama 14 wakishika zamu, kila mmoja atapata zamu moja tu kwa majuma mawili. Hiyo si mzigo kwa mtu. Na baba watoto tuwaambie wazi: bidoni haichagui kichwa cha mwanamke. Tumeona mabwana wawili wa mtaa wetu wanasukuma maji kwa kinga asubuhi, na hakuna aliyekufa kwa aibu.

Katika mkutano ujao tutaleta daftari. Wenye mimba ya miezi saba na kuendelea waje kuandikisha majina, na wenye nguvu waandikishe zamu zao. Jina letu limekwisha kuandikwa, upande wa wabebaji.

Tukutane juma lijalo.