Daftari la Allidina Visram



Mke wa askari polisi mmoja, mkazi wa Mbarara, ametuletea barua. Mumewe amefungua duka huko Kabazana, katika makazi ya Nakivale, na kila amwulizapo habari za mapato na madeni hujibiwa kwamba hesabu ni kazi ya mwenye duka. Bibi huyu anauliza: je, ni utovu wa adabu mke kutaka kuliona daftari?

Kabla ya kumjibu, natutazame maisha ya mfanyabiashara mmoja ambaye maduka yake yalitangulia mengi tuyaonayo Uganda leo. Jina lake ni Allidina Visram. Alizaliwa Kera, katika nchi ya Kutch huko Bara Hindi, mwaka 1851. Alipofika pwani yetu alikuwa kijana mdogo wa miaka kumi na miwili hivi, hana mtaji, na elimu yake ya darasani ilikuwa haba. Bagamoyo aliajiriwa na Sewa Haji Paroo, tajiri aliyekuwa akiandaa misafara ya kwenda bara: nguo, shanga na nyaya zikipanda, pembe za ndovu zikishuka. Huko ndiko alikosomea biashara, wala hakuna chuo kingine tunachoambiwa alipata kukiingia.

Sewa Haji alifariki mwaka 1897. Wakati huo reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ilikuwa ikisonga mbele kuelekea Ziwa Viktoria, nayo ililifikia mwaka 1901 mahali tupaitapo Kisumu. Allidina aliifuata reli kwa maduka. Vibarua walipopiga kambi, duka likafunguliwa. Kambi ilipogeuka mji, duka likawa limekwisha kuota mizizi. Akaingia Kampala na Jinja, na mawakala wake wakaenea hata mpakani mwa Kongo. Baadaye alipoona wakulima wa Uganda wameanza kulima pamba, akaigeukia pamba, akainunua na kuweka kiwanda cha kuichambua.

Lakini jambo linalowahusu hasa wasomaji wetu wa kambini ni hili. Katika miaka ile ya mwanzo Uganda haikuwa na benki. National Bank of India ilifungua tawi Entebbe mwaka 1906 tu. Serikali ilipohitaji rupia za kulipa mishahara katika vituo vya mbali, aghalabu ilitegemea duka la Allidina. (Nadhani hata Kiswahili chetu hiki cha kambini kina deni kwa maduka na misafara kama ile, ingawa sifa zote hupewa jeshi.) Kadhalika, Mhindi aliyewasili bila kitu aliweza kupewa bidhaa kwa mkopo, akafungue kiduka porini, kisha alipe kwa mazao aliyonunua. Mikopo ya namna hiyo husimama juu ya kujuana: mkopeshaji hana budi kumjua mtu, tabia yake na njia ya kwao.

Mwaka 1916 safari ya biashara upande wa Kongo ikamletea maradhi, naye akafariki mwaka huo huo. Mwanawe Abdulrasul alirithi, na Mombasa ikapata shule ya sekondari yenye jina la Allidina Visram, ambayo ingali ikisomesha vijana. Biashara yenyewe haikudumu. Kabla miaka ya 1920 haijakwisha ilikuwa imevunjika. Sababu zilikuwa nyingi, na vita vya 1914 hadi 1918 viliitikisa dunia nzima. Lakini mimi sishangai kwamba mtandao uliofungwa kwa jina la mtu mmoja ulilegea alipoondoka.

Sishangai kwa kuwa nimeyaona nyumbani kwetu. Marehemu baba yangu mdogo alikuwa na duka Kabazana: chumvi, sabuni, mafuta ya taa, na msimu wa mavuno alinunua mahindi na maharagwe. Wateja wake walikuwa wenyeji na wakimbizi, na wengi walikopa mpaka wavune. Daftari alikuwa nalo, lakini ndani yake hamna majina. “Yule wa kofia, magunia mawili.” “Mama wa bondeni, sabuni tatu.” Yeye aliwajua wote. Alipofariki ghafla, mama mdogo alilishika daftari lile kama mtu asiyejua kusoma, naye anasoma vizuri sana. Waliomdai marehemu walifika wote kabla ya kuanua matanga. Aliowadai, walikuja wawili.

Kwa hiyo, bibi, si utovu wa adabu. Chagua jioni mumeo akiwa ametulia, na usianze kwa kumwuliza faida. Mwambie akutajie kila anayedaiwa kwa jina lake kamili na mahali akaapo, nawe uandike. Nakala moja iende Kabazana, nyingine ibaki Mbarara, mahali mtoto mkubwa anapopajua.