Golfu: kalamu iko ku mkono wa mwenzako

Hapa Lubumbashi, ukisema Golf, mtu anafikiri kwanza kartie ile ya manyumba ya kuta ndefu. Mchezo wenyewe, wengi wetu hatujauona hata siku moja. Juu ya nini basi tuandikie bana-migodi na jamaa zao juu ya golfu? Juu kuna jambo moja ndani yake linalotugusa: namna watu wasio na uwanja wanapanga chama chao, na chama kikadumu.

Kule Uingereza na Scotland kuna vyama vingi vya golfu vya namna hiyo. Ni watu wa kazi moja, wa kartie moja, ao wa baa moja. Hawana majani, hawana nyumba ya klabu. Wanachanga pesa ya mwaka, sekretere anapatana na klabu yenye uwanja, wanalipa siku, wanacheza, wanarudi kwao. Mali yao ni vitu vitatu tu: liste ya wanachama, kesi ya pesa, na karatasi ya sheria. Ukitosha ile karatasi, chama kimekufa.

Karatasi yenyewe si ndefu. Inasema nani anaingia na nani anamukubali. Inasema mchango ni ngapi na siku ya mwisho ni gani. Mtu aliyejiandikisha akikosa kufika, mara nyingi analipa vilevile, juu klabu ya uwanja imekwisha kulipwa kwa jina lake. Kapiteni anabadilika, mara nyingi kila mwaka. Na mwenye kushika kesi anasoma hesabu mbele ya wote, si ku sikio la kapiteni.

Lakini sheria iliyotushangaza zaidi ni ile ya kuhesabu. Ku golfu ya kawaida hakuna refa anayekufuata. Kila mutu anapiga mpira wake. Nani basi anaandika? Si wewe. Mwenzako njo anaandika mapigo yako ku karte, shimo kwa shimo, na mwisho mnatia sahihi wote wawili. Ukitia sahihi penye shimo moja limeandikwa mapigo machache kuliko uliyopiga, unatolewa ku shindano. Yakiandikwa mengi kuliko kweli, yanabaki vile, hasara ni yako. Kwa hiyo kila mtu anasoma karte vizuri mbele ya kutia sahihi.

Kuna tena hesabu ya pili, wanaiita handikapu. Ni mapigo anayopewa mnyonge ili ashindane sawa na fundi. Tangu 2020 nchi nyingi zinafuata hesabu moja: wanatwaa karte zako 20 za mwisho, wanachagua 8 zilizo bora, wanatafuta wastani. Namba haipiti 54. Hapa njo wezi wanajaribu bahati: mtu anaficha karte zake nzuri ili aonekane mnyonge, kisha siku ya zawadi anashinda wote. Vyama vingi vimepata dawa: anayeshinda leo, handikapu yake inakatwa mbele ya mchezo unaofuata. Na zawadi zenyewe zina mpaka. Tangu 2022, sheria ya wasiocheza kwa kazi inasema zawadi isipite pauni 700.

Sisi bana-migodi tunajua uchungu wa hesabu. Creuseur anatosha mawe ku shimo, anafika ku depo. Mizani ni ya mnunuzi. Mashine ya kupima teneur ni ya mnunuzi. Kalamu nayo ni ya mnunuzi. Yeye anaambiwa namba, anatikisa kichwa, anarudi ku nyumba na kile alichopewa. Mama anauliza: «Njo hii tu?» Hana karatasi ya kumuonyesha.

Watasema: koperative iko pale juu ya hiyo. Kweli. Kodi ya migodi, tangu ilipogeuzwa 2018, inataka mchimbaji wa mikono awe ndani ya koperative iliyokubaliwa na serikali. Na sheria ya OHADA, ambayo Kongo iliingia mwaka 2012, inasema wazi: mwanachama mmoja, sauti moja. Lakini tuulizane bila kuoneana haya: ni wangapi kati yetu wameshika statuts za koperative yao ku mkono? Ni wangapi wanajua siku prezida wao alichaguliwa, na siku muda wake utaisha? Kama mtu anakatwa pesa kila juma bila kujua hata moja ya haya, yeye si mwanachama. Ni mteja wa lazima.

Tusidanganyike, golfu si paradiso. Mwaka 1888, ku kijiji cha Northam, Uingereza, wafanyakazi waliunda klabu yao ya golfu, na mmoja wao alikuwa J.H. Taylor, mtoto wa kibarua aliyeanza kwa kubebea matajiri mifuko. Baadaye alishinda Open mara 5. Klabu za wafanyakazi namna hiyo zilienea. Walilipa kidogo, walicheza saa ambazo matajiri hawakuzitaka, na mara nyingi walitengeneza uwanja kwa mikono yao. Lakini ku klabu kubwa yenye uwanja hawakuwa na sauti. Sheria walikuwa nazo, lakini sheria ya uwanja iliandikwa na wengine.

Na banamuke walingoja zaidi. Klabu ya Muirfield, ambayo watu wake waliandika sheria 13 za kwanza za golfu mwaka 1744, ilipiga kura 2016 ili kuona kama banamuke waingie. Asilimia 64 walikubali, lakini sheria ilitaka theluthi mbili, mlango ukabaki umefungwa. Siku ileile wakubwa wa mchezo walisema Open haitachezwa tena pale. Mwaka 2017 walirudia kura, na asilimia 80 wakafungua. Sheria ni ile ile. Kilichobadilika ni bei ya kukataa. Mama zetu wanaosafisha mawe ku mto wafikirie sana hapo, na sisi waume wao vilevile.

Hatuombi creuseur anunue fimbo za golfu. Tunaomba ku mkutano wa koperative unaokuja aulize mambo matatu. Statuts ziko wapi, na nani atazisoma kwa luga tunayosikia? Ku mizani, kwa nini namba isisomwe na watu wawili, mmoja wa mnunuzi na mmoja wetu, ikatiwa sahihi mbili? Na hesabu ya kesi itasomwa mbele ya wote siku gani?

Wakijibu «tutaona», muandike jibu hilo na tarehe yake. Wale wanaocheza mpira kidogo ku majani hawakubali mtu ajiandikie mapigo yake peke yake. Sisi tunaoshuka chini ya udongo tutakubali mpaka lini?